Matibabu ya arosto ya vichangamshi

Matibabu ya arosto ya vichangamshi ni huduma anayopewa mtu aliyeacha au kupunguza ghafla dawa za kusisimua ubongo, kama vile kokeini, methamfetamini, amfetamini na mirungi, ili avuke salama siku na wiki za kwanza bila dawa hizo. Tofauti na arosto ya heroini, ambayo Tanzania imekuwa ikiitibu kwa methadoni tangu mwaka 2011, arosto ya vichangamshi haina dawa yake maalumu. Hakuna kidonge, sindano wala dawa ya maji iliyothibitishwa kuifupisha. Kinachotibu ni usingizi, chakula, maji, uangalizi wa karibu ili mgonjwa asijidhuru, na msaada unaoendelea hata baada ya yeye kuonekana amepona.

Kwa kuwa haihitaji dawa adimu, sehemu kubwa ya tiba hii inaweza kufanyika karibu na nyumbani, hata katika maeneo ya pembezoni mwa Dar es Salaam kama Goba. Lakini huduma za jiji hilo zilijengwa kwa ajili ya heroini, na mtumiaji wa vichangamshi mara nyingi hajui aende wapi.

Neno "arosto"

Arosto (wengine husema alosto) ni neno la vijiweni katika Kiswahili cha Tanzania. Linataja hali mbaya inayompata mtumiaji dawa inapokwisha mwilini. Wahudumu wa afya na waelimishaji rika nao hulitumia, kwa sababu mgonjwa hulielewa mara moja. Watu hulitumia hata kwa sigara na mirungi.

Kwa masikio ya wengi, hata hivyo, arosto maana yake ni arosto ya unga, yaani heroini: mafua, miayo isiyokwisha, kutapika, kuharisha, maumivu ya mifupa, kutetemeka kwa baridi saa sita mchana. Picha hiyo huwapotosha watu inapokuja kwa vichangamshi. Aliyeacha methamfetamini kwa kawaida hatapiki wala hajikunji kwa maumivu. Analala. Familia humwona amelala kutwa, anaamka kula kwa pupa, kisha analala tena. Wengine huhitimisha kwamba ni mvivu, wengine kwamba tayari amepona. Hitimisho zote mbili ni hatari, kwa sababu zinawafanya wamwache peke yake katika siku ambazo hapaswi kuachwa.

Dawa zinazohusika

Elimu ya dawa za kulevya nchini Tanzania huzigawa dawa hizo katika makundi kama vichangamshi, vipumbaza na vileta njozi. Heroini na pombe ni vipumbaza: zinapunguza kasi ya ubongo. Vichangamshi hufanya kinyume chake. Moyo unakwenda mbio, usingizi na njaa vinatoweka, mtu anaongea sana na kujiona anaweza kila kitu.

Mirungi, yaani majani na vijiti laini vya mti wa Catha edulis, ndiyo kichangamshi cha zamani zaidi katika Afrika ya Mashariki. Huitwa pia gomba, veve au miraa. Nchini Tanzania ni marufuku, ingawa hulimwa kwa siri katika milima ya Upare, wilaya ya Same. Nchini Kenya ni zao halali la biashara, hasa Meru, na aina yake iitwayo muguka hutoka Embu. Kiini chake, kathinoni, kina umbile la kikemia linalofanana na la amfetamini. Kiini hicho huanza kuharibika mara majani yakichumwa, na baada ya siku mbili hivi nguvu yake imepungua sana. Ndiyo maana magari ya miraa kutoka Meru huendeshwa kwa kasi inayojulikana na kila mtumiaji wa barabara ile. Arosto ya mirungi kwa kawaida ni nyepesi: uchovu, hasira za haraka, ndoto mbaya na mikono kutetemeka kidogo kwa siku chache.

Kokeini hutokana na majani ya mkoka wa Amerika Kusini. Bei yake ni kubwa, kwa hiyo watumiaji wake ni wachache kuliko wa heroini, na baadhi yao hutumia zote mbili. Methamfetamini hutengenezwa kwa kemikali. Sehemu ya ile inayofika pwani ya Afrika Mashariki hutoka upande wa Afghanistan na kuvuka Bahari ya Hindi kwa majahazi, njia ileile iliyozoeleka kwa heroini. Mwezi Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) ilitangaza kukamata kilogramu 3,182 za heroini na methamfetamini katika operesheni zilizofanyika Dar es Salaam na Iringa. Shehena kama hizo nyingi huwa zinapita kwenda nchi nyingine, lakini uzoefu wa heroini unaonyesha kwamba njia ya kupitishia haikawii kuwa soko.

Jambo hilo limeshatokea jirani. Katika jimbo la Rasi Magharibi nchini Afrika Kusini, methamfetamini, inayoitwa huko "tik", haikuwa na jina kubwa kabla ya mwaka 2000. Ndani ya miaka michache ilikuwa miongoni mwa sababu kuu za watu kuomba matibabu ya uraibu mjini Cape Town, na vituo vililazimika kujifunza upya kazi yao.

Kinachotokea katika ubongo

Seli za neva hupelekeana habari kwa kemikali. Mojawapo ni dopamini, inayohusika na raha, hamasa na kutafuta jambo lenye faida. Katika hali ya kawaida dopamini hutolewa kidogo, hufanya kazi yake, kisha hurudishwa ndani ya seli iliyoitoa. Kokeini huziba mlango wa kuirudisha. Amfetamini na methamfetamini huziba mlango huo na pia huisukuma itoke kwa wingi.

Mtu anaweza kufikiria tangi la maji juu ya nyumba. Matumizi ya kawaida ni kufungua bomba kidogo kidogo huku pampu ikijaza. Kichangamshi hufungua mabomba yote kwa siku tatu mfululizo. Mwishowe bomba linatoa hewa tu, na pampu nayo imechoka. Mfano huu una mipaka yake, kwani ubongo haupungukiwi kemikali tu: hata vipokezi vya dopamini hupungua, kana kwamba nyumba imezoea mafuriko na haioni tena maji machache kuwa ni maji. Katika hali hiyo chakula kitamu, mtoto anayecheka au mpira wa timu anayoipenda havimgusi mgonjwa. Anasema "sisikii kitu", na anasema kweli.

Uharibifu huu hurekebika kwa sehemu kubwa, lakini polepole. Utafiti wa picha za ubongo uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2001 ulifuatilia watu walioacha methamfetamini. Baada ya miezi 12 hadi 17 bila dawa, protini zinazorudisha dopamini zilikuwa zimeongezeka tena kwa kiasi kikubwa, ingawa uwezo wa kukumbuka na wepesi wa viungo haukuwa umerudi sawasawa. Anayesema "nimeacha mwezi mzima na bado sijielewi" hana tatizo la imani wala la nia. Ubongo wake bado unajengwa.

Mwendo wa siku

Mwaka 1986 madaktari wawili wa Marekani, Frank Gawin na Herbert Kleber, walieleza arosto ya kokeini katika hatua tatu: anguko la siku za kwanza, wiki za unyonge na hamu ya dawa, kisha kipindi kirefu ambacho hamu huja kwa vipindi tu. Uchunguzi wa baadaye wa wagonjwa waliolazwa haukuziona hatua hizo kwa uwazi. Wengi walipata nafuu taratibu tangu siku ya kwanza. Mgawanyo huo bado unasaidia kuwaelezea ndugu, mradi usichukuliwe kama kalenda.

Kwa methamfetamini, wagonjwa waliofuatiliwa katika kituo cha tiba cha Chiang Mai, nchini Thailand, katika utafiti wa mwaka 2005 walikuwa na hali mbaya zaidi katika saa 24 za mwanzo. Hali hiyo ilipungua ndani ya siku 7 hadi 10, kisha zikafuata angalau wiki mbili za dalili hafifu. Dalili za kawaida ni huzuni, uchovu mzito, kulala sana au kukosa usingizi, ndoto za kutisha zilizo wazi mno, njaa kubwa, mwili kuwa mzito au kinyume chake kutotulia, na hasira. Hamu ya dawa haifuati ratiba. Inaweza kutulia wiki nzima halafu ikaamshwa na mlio wa simu, mshahara, au sura ya rafiki wa kijiweni.

Hatari kubwa

Arosto ya vichangamshi peke yake haiui mwili kwa namna ambayo arosto ya pombe inaweza kuua. Hatari yake kuu ni kujiua. Mtu anaamka siku ya tatu au ya nne akiwa na nguvu kidogo, dawa imetoka kichwani, na anaona kwa mara ya kwanza alichokifanya: pikipiki imeuzwa, ada ya mtoto imeliwa, mke amerudi kwao. Wakati huohuo sehemu ya ubongo inayompa mtu matumaini haifanyi kazi. Mambo hayo mawili yakikutana, yeyote anayemhudumia anapaswa kudhani kwamba wazo la kufa limeshampitia.

Swali liulizwe waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua? Leo je? Umepanga namna gani?" Wengi huogopa kwamba kuuliza ni kumfundisha. Uzoefu wa tiba ya akili ni kwamba kuuliza hakupandi wazo hilo. Kunampa mtu nafasi ya kulitua. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata chooni, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Sumu ya wadudu, dawa za panya, vidonge vilivyobaki, kamba na visu viondolewe chumbani na mahali anapoweza kuvifikia. Mtu mmoja alale naye chumba kimoja usiku.

Hatari ya pili ni dawa zilizochanganywa. Watumiaji wengi hutumia pombe au diazepamu, ambayo wengi huiita valiamu, ili kushuka kutoka kwenye msisimko na kupata usingizi. Akiacha vyote kwa siku moja, arosto ya pombe au ya valiamu inaweza kuleta degedege na hata kifo. Aliyekuwa akitumia na heroini atapata arosto mbili kwa pamoja, na yuko katika hatari nyingine baadaye: akikaa wiki kadhaa bila heroini kisha akarudia kipimo chake cha zamani, mwili ambao umeshasahau dawa unaweza kuacha kupumua.

Hatari ya tatu husahaulika kwa urahisi Dar es Salaam: siyo kila mtu anayelala kutwa ana arosto. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka au jeraha la kichwa baada ya kupigwa huweza kufanana nayo. Mgonjwa wa arosto huamshika. Akiitwa jina hujibu, hunywa maji, hugeuka na kulala tena. Asiyeamshika, mwenye homa kali, shingo iliyokakamaa, degedege, maumivu ya kifua au upande mmoja wa mwili uliolegea ni mgonjwa wa dharura.

Matibabu yenyewe

Kazi ya kwanza ni kuuliza na kupima. Mhudumu anataka kujua ni dawa gani, kwa njia gani, kwa muda gani, mara ya mwisho lini, na nini kingine kilichanganywa. Anapima mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto, sukari na malaria, na mimba kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Anauliza kuhusu VVU na kifua kikuu, kwa sababu mtu aliyekesha wiki nzima kwa methamfetamini huenda hakumeza dawa zake za kila siku. Aliyejidunga sindano achunguzwe majipu na apimwe homa ya ini.

Kisha mwili unapewa kile ulichonyimwa. Chumba kiwe kimya, kisiwe na mwanga mkali, kiwe na hewa. Aachwe alale, lakini aamshwe mara kwa mara anywe maji au maji ya chumvi na sukari yanayotolewa kwa kuharisha. Njaa ikija, alishwe: uji, ndizi, maharage, mayai, chochote cha kawaida cha nyumbani, kidogo kidogo mara nyingi. Wengi wana meno yaliyooza au vidonda vya mdomo, hivyo chakula laini kinafaa siku za mwanzo. Kahawa nyingi na vinywaji vya kuongeza nguvu viwekwe kando. Vinaharibu usingizi pekee unaomponya.

Dawa za hospitali zina nafasi ndogo, lakini ipo. Asiyetulia kabisa anaweza kupewa diazepamu kwa siku chache chini ya usimamizi, na isimamishwe mapema kwa sababu nayo huleta uraibu. Anayesikia sauti au kuamini anafuatiliwa na polisi waliojificha darini ana wazimu unaosababishwa na kichangamshi. Anaweza kuhitaji haloperidoli au dawa ya aina hiyo, na wengi hutulia ndani ya siku chache. Dawa za sonona hazitolewi kwa huzuni ya wiki ya kwanza peke yake, kwani huzuni hiyo mara nyingi huisha yenyewe, na dawa hizo huchukua wiki mbili au zaidi kufanya kazi. Huzuni ikidumu baada ya wiki kadhaa, au kama ilikuwapo kabla ya dawa za kulevya, hapo ni ugonjwa unaojitegemea na unatibiwa.

Methadoni haina kazi hapa. Inakaa kwenye vipokezi vya dawa za jamii ya afyuni, ambavyo sivyo vinavyodaiwa na kokeini wala methamfetamini. Kumpa mtumiaji wa methamfetamini methadoni au tramadoli "imtulize" ni kumwongezea uraibu wa pili. Shirika la Afya Duniani nalo halipendekezi kumpa mtu mwenye uraibu wa vichangamshi amfetamini ya hospitali badala ya ile ya mtaani.

Dar es Salaam na Goba

Kliniki ya kwanza ya methadoni Tanzania ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Februari 2011, ikafuatiwa na Mwananyamala na Temeke. Ilikuwa hatua kubwa kwa Afrika Kusini mwa Sahara. Mgonjwa hufika kila siku, hunywa dawa yake mbele ya mhudumu, na kuondoka. Foleni hiyo ya asubuhi imeokoa watu wengi, na pia imejenga mazoea: mtu mwenye uraibu ana kadi, ana dirisha la dawa, ana namba. Mtumiaji wa kokeini au mirungi peke yake akifika hapo hana cha kunywa dirishani. Anaweza kupata ushauri nasaha na rufaa kwenda kitengo cha afya ya akili, lakini hakuna kinachomrudisha kesho. Hata miongoni mwa wanaotumia methadoni wapo wanaoendelea na kokeini, kwa sababu methadoni haizuii msisimko wake.

Goba ni kata ya wilaya ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni katikati ya miaka ya 2010. Wakazi wa zamani bado wanajitaja kuwa wa Kinondoni. Ni eneo la vilima lililokuwa mashamba na sasa limejaa nyumba mpya, nyingine zimekamilika, nyingine ni kuta zinazosubiri bati. Kwenda Mwananyamala kutoka huko ni safari ya daladala zaidi ya moja, kwa kupitia Makongo au kushukia barabara ya Bagamoyo. Kwa anayetumia methadoni, umbali huo wa kila siku ni mzigo wa nauli na wa kazi. Kwa mwenye arosto ya vichangamshi umbali si kikwazo cha aina hiyo, maana hakuna dozi ya kila siku ya kufuata. Anachohitaji ni vipimo vya mwanzo, ambavyo kituo cha afya cha kata kinaweza kufanya, na baada ya hapo chumba, chakula na macho ya watu.

Nyumba ya kawaida ya Goba inaweza kutoa hayo ikiwa familia imeelekezwa. Wagawane zamu: mama hawezi kukesha siku kumi peke yake. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mwelimishaji rika apite kila siku katika wiki ya kwanza, siyo kutoa hotuba bali kuuliza maswali yaleyale: amelala saa ngapi, amekula nini, amesema nini kuhusu kufa. Simu na pesa taslimu vinaweza kushikwa na ndugu kwa makubaliano na mgonjwa mwenyewe. Kazi nzito, madeni na kesi za kifamilia vingoje. Kikao cha ukoo cha kumsema siku ya nne ni miongoni mwa mambo mabaya zaidi yanayoweza kupangwa, ingawa ndiyo siku ambayo wajomba na shangazi huona amepata nguvu ya kukaa sebuleni.

Nyumbani hakufai pale ambapo mgonjwa ana mpango wa kujiua, ana wazimu au ni mkali, ana mimba, ana ugonjwa wa moyo, amechanganya na pombe nyingi au valiamu, au anaishi na watumiaji wengine. Hao wanahitaji kitanda cha hospitali.

Nyumba za upataji nafuu

Njia nyingine ni nyumba za upataji nafuu, zinazojulikana zaidi kama soba hausi. Zilienea kwanza Zanzibar na baadaye bara, na nyingi zinaendeshwa na watu waliowahi kuwa waraibu. Zile za Dar es Salaam na Pwani mara nyingi ziko pembezoni, kama Kigamboni na Bagamoyo, mahali penye nafasi na mbali na vijiwe. Mkazi hukaa miezi kadhaa, hufuata ratiba ya kazi, sala na vikao, na mara nyingi hatua kumi na mbili zilizoanzia katika vikundi vya walevi nchini Marekani.

Nguvu yake ni muda. Miezi minne au sita mbali na dawa ni karibu zaidi na mahitaji ya ubongo wa mtumiaji wa methamfetamini kuliko siku kumi za hospitali. Udhaifu wake ni kwamba si hospitali, na ratiba inayomfaa mtu wa mwezi wa tatu haimfai wa siku ya pili. Kumwamsha saa kumi na moja alfajiri akafagie uwanja, kwa imani kwamba heroini hutolewa mwilini kwa ujasiri, hakumsaidii. Ndugu wanaotafuta nyumba wana haki ya kuuliza nani anakesha usiku, mgonjwa mahututi anapelekwa wapi, na kama kuna mtu anayefungwa au kuchapwa. Minyororo haitibu arosto. Kwa aliye na mawazo ya kujiua au ya kufuatiliwa, inathibitisha hofu yake.

Baada ya wiki za kwanza

Kuvuka arosto siyo kupona uraibu, na wengi hurudia ndani ya miezi ya mwanzo. Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi kwa vichangamshi inashangaza wengi: ni zawadi. Mgonjwa huleta mkojo mara mbili kwa wiki. Ukipimwa na kuonekana safi, anapata hapohapo vocha au nafasi ya kuchota karatasi yenye zawadi ndogo kutoka kwenye bakuli. Kila kipimo safi kinachofuata kinaongeza nafasi zake, kichafu kinamrudisha mwanzo, bila matusi. Idara ya huduma za maveterani wa jeshi la Marekani imeutumia mpango huo tangu mwaka 2011. Mantiki yake inaendana na ule mfano wa tangi: ubongo usiosikia raha za mbali unaweza bado kusikia faida ndogo iliyo mkononi leo. Vocha ya muda wa maongezi au kilo mbili za unga wa sembe zingeweza kufanya kazi hiyo Temeke au Goba. Kinachokosekana zaidi ni vipimo vya mkojo na mtu wa kuendesha mpango.

Tiba ya fikra na tabia humfundisha mgonjwa kutambua kinachoamsha hamu na kupanga njia ya kukikwepa: kushuka kituo kimoja kabla ya kijiwe, kumpa dada mshahara siku ya malipo, kubadili namba ya simu. Mpango wa wiki 16 uitwao Matrix, uliobuniwa Los Angeles katika miaka ya 1980 kwa watumiaji wa kokeini, unachanganya vikao hivyo na mafunzo ya familia, na umetumika pia Thailand.

Kwa upande wa dawa, jaribio lililochapishwa Januari 2021 nchini Marekani lilitumia sindano ya naltreksoni pamoja na vidonge vya bupropioni kwa watumiaji wa methamfetamini. Asilimia 13.6 ya waliopewa walifikia lengo la vipimo safi, dhidi ya asilimia 2.5 ya waliopewa dawa bandia. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini inaacha zaidi ya watu 8 kati ya 10 bila msaada.

Sheria

Tanzania Bara inatumia Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyounda DCEA. Sheria hiyo inaadhibu umiliki na matumizi, ikiwemo mirungi, na hofu ya kukamatwa huwafanya baadhi ya familia wamfiche mgonjwa badala ya kumpeleka kituo cha afya.

Kuna sheria nyingine isiyotajwa sana inayogusa wagonjwa hawa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba. Kwa Tanzania, ndugu wa aliyekunywa sumu siku ya nne ya arosto wanaweza kuchelewa kumpeleka hospitali kwa kuogopa maswali ya polisi, wakati sumu haisubiri. DCEA ina namba ya simu ya bure, 119, inayopokea taarifa na maswali kuhusu dawa za kulevya.